Mto Semliki: mpaka unapita wapi hasa, na tuuendee vipi?

Mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari mjini Masindi ameuliza hivi: “Wanafunzi wangu wanataka kujua kama Mto Semliki ndio mpaka wa Uganda na Kongo kuanzia mwanzo hadi mwisho wake, na kama ni kweli kwamba mto huo unahama na kutumega ardhi. Mimi mwenyewe sijawahi kuuona. Nimepanga kwenda na walimu wenzangu wanne katika likizo ya Desemba. Tuingilie wapi, tutarajie kuona nini, na je, kuna usalama?”

Mwalimu, nianze na mpaka, kwa kuwa hapo ndipo ramani ndogo ya darasani inapoweza kumpoteza mtu. Semliki si mpaka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mto huu unatoka katika Ziwa Edward mahali paitwapo Ishango, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, na kwa muda mrefu wa safari yake ya kuelekea kaskazini kingo zote mbili ni za Kongo. Mpaka wenyewe unashuka kutoka kilele cha Margherita katika milima ya Rwenzori, chenye urefu wa mita 5,109, unafika kwenye chanzo cha Mto Lamia, unaufuata mto huo mdogo mpaka unapoingia katika Semliki, na kuanzia kwenye makutano hayo ndipo Semliki unapokuwa mpaka hadi Ziwa Albert. Kwa hiyo waambie wanafunzi kwamba sehemu ya juu ya Semliki ni ya Kongo peke yake, na sehemu ya chini ndiyo tunayogawana.

Mstari huo ulichorwa na wakoloni. Mwaka 1910 Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani zilipatana kwa ujumla jinsi ya kugawana eneo hili, kisha mwaka 1915 Uingereza na Ubelgiji zikaandika kwa undani kwamba mpaka utafuata mkondo wenye kina kikubwa zaidi wa Lamia na wa Semliki. Wenyeji wa bonde hawakuulizwa. Kabla ya hapo watu walikuwa wakivuka mto kwenda na kurudi bila kumwonyesha mtu cheti, na nchi ya Mboga, iliyo ng’ambo ya magharibi, ilikuwa na uhusiano wa karibu na ufalme wa Toro wa upande wetu. Kasisi Apolo Kivebulaya, mzaliwa wa Buganda, aliuvuka mto huu katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 kwenda kuhubiri Mboga, na alipofariki huko mwaka 1933 Mboga ilikuwa tayari ndani ya Kongo ya Wabelgiji. Mpaka leo kuna koo zilizo na watu kingo zote mbili, na katika masoko ya upande wetu utasikia Kiswahili cha Kongo kikitumika pamoja na lugha za wenyeji: Kwamba, Lukonjo na Rutoro. Kiswahili chako, Mwalimu, kitakufaa kule kuliko unavyodhani.

Kabla ya kuingia katika suala la kuhama, naomba uwaonyeshe wanafunzi jambo moja ambalo naliona zuri kuliko yote katika jiografia ya mto huu. Karibu maji yote yanayoteremka kutoka Rwenzori huishia katika Semliki, hata yale yanayoteremka upande ulio kinyume na mto. Mvua inayonyesha upande wa mashariki, kwa Kasese, hubebwa na Mto Mubuku na wenzake hadi Ziwa George, ikapita Mfereji wa Kazinga, ikaingia Ziwa Edward, ikatoka Ishango, halafu ikaurudia mlima uleule kwa upande wa magharibi. Wakati huohuo mito ya Bwamba, eneo la Bundibugyo, inateremka moja kwa moja kutoka upande wa magharibi na kuingia humohumo. Mlima mzima umezungukwa na maji yake wenyewe, na yote yanakwenda Ziwa Albert na kuwa sehemu ya Nile. Mwanafunzi akiifuata njia hiyo kwa kidole kwenye ramani, ataelewa kwa nini misitu ikikatwa Kasese, mwenye shamba wa Ntoroko naye anahusika.

Ziwa Edward liko juu ya Ziwa Albert kwa takribani mita 300, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko katikati ya njia, ambako mto unapita kwenye mawe na kupiga kelele ya maporomoko ndani ya msitu wa Kongo. Maporomoko hayo yamefanya kazi ya mlango uliofungwa. Chini yake, katika Ziwa Albert, wako sangara, ambao sokoni Kampala huitwa mputa, na wako samaki wengine wa ukoo wa Nile. Juu yake, katika Ziwa Edward, sangara hakuna, na samaki wake wadogo wengi wanafanana zaidi na wale wa asili wa Ziwa Viktoria. (Sangara wa Ziwa Viktoria nao walipelekwa huko na binadamu katika miaka ya 1950, na baadhi yao walitolewa Ziwa Albert.) Mamba vilevile walikuwa wengi Albert, lakini kwa muda mrefu Ziwa Edward halikuwa nao, hadi walipoanza kuonekana katika miongo ya mwisho ya karne ya 20. Hata hivyo mlango huo haukuwa umefungwa siku zote, kwani mifupa ya sangara imefukuliwa Ishango kutoka katika tabaka za zamani, jambo linaloonyesha kwamba waliwahi kuishi huko wakatoweka.

Ishango hiyohiyo ndiko mwaka 1950 mtaalamu wa jiolojia wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alipopata mfupa wenye alama zilizokatwa kwa mpangilio, unaokadiriwa kuwa na miaka kama 20,000, ambao wengi wanauona kuwa miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi wa watu kuhesabu. Sasa umehifadhiwa Brussels. Mbele kidogo kwenye mto, mahali paitwapo Katanda, zilipatikana chusa za mfupa zenye ndoana, zinazokadiriwa kuwa na miaka takribani 90,000. Watu wamevua samaki katika Semliki tangu zama ambazo akili inashindwa kuzipima, na nadhani ni haki kwa mtoto wa Uganda kulijua hilo kabla hajafundishwa habari za Stanley kuuvuka mto huu mwaka 1889, akiwa na wapagazi wake wa Zanzibar.

Sasa tuje kwenye kuhama. Ndiyo, mto unahama, na hauna namna ya kutohama. Ukishatoka kwenye maporomoko unaingia katika sakafu ya Bonde la Ufa, ambayo ni tambarare tupu. Chini ya sakafu hiyo kuna tabaka za mchanga na tope zenye unene wa kilomita kadhaa, zilizoletwa na maji kwa mamilioni ya miaka, wala hakuna mwamba wa kuushika mto mahali pamoja. Mto wa tambarare ya namna hii hupinda. Kwenye kila kona maji yanayokwenda kasi hugonga ukingo wa nje na kuubomoa, huku maji ya polepole upande wa ndani yakitua na kuacha mchanga. Kona inazidi kunenepa mwaka hadi mwaka, shingo yake inazidi kukonda, hadi siku ya mafuriko makubwa mto unapoikata shingo na kupita moja kwa moja. Kona ya zamani inabaki pembeni kama kijiziwa chenye umbo la upinde. Vijiziwa vya aina hiyo viko vingi, na utavikuta hata ndani ya msitu wa Semuliki (jina lilelile la mto, ila hifadhi huandikwa hivyo).

Kwa hiyo swali la maana ni kama mto unahama kwa kasi kuliko zamani, na kwa nini. Jibu ambalo watu hulitoa haraka ni kuyeyuka kwa barafu ya Rwenzori. Ni kweli kwamba barafu hiyo imepungua sana: mwaka 1906, Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia mwenye cheo cha Dyuki wa Abruzzi, alipovipanda vilele, ilienea zaidi ya kilomita za mraba 6, na sasa haifiki hata moja. Ni msiba mkubwa kwa mlima na kwa Wakonjo walioutukuza. Lakini katika maji ya Semliki mchango wa barafu ni mdogo mno ukilinganishwa na mvua, na sioni sawa kuubebesha mzigo wote. Mambo yanayodhoofisha kingo yako karibu zaidi: ni mvua kubwa zinazoteremka kwa ghafla kwenye miteremko iliyokwisha kulimwa, ni kukatwa kwa miti na matete yaliyokuwa yakiushika udongo, na ni mifugo inayoteremka kunywa maji mahali palepale kila siku hadi ukingo unageuka kuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Simlaumu mfugaji wa kabila la Batuku huko Rwebisengo, wilayani Ntoroko, kwani ng’ombe lazima wanywe, na hapo mto ndio kisima chake. Kinachohitajika ni mabwawa na birika za kunyweshea mifugo mbali na ukingo. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinautaja Semliki miongoni mwa mito ambayo mita 100 kutoka ukingoni zinapaswa kulindwa. Kanuni hiyo ni nzuri, ila mwenye ng’ombe mia moja na asiye na maji mengine hawezi kuitii kwa kuambiwa tu.

Je, mto unaimega Uganda peke yake? Kwa asili yake, kona moja ikila upande wetu, inayofuata hula upande wa Kongo, ingawa mtu ambaye malisho yake yameanguka majini hawezi kufarijika kwa kusikia hivyo. Ugumu wa kweli uko katika sheria. Desturi ya mataifa ni kwamba mto ukihama polepole, mpaka unaandamana nao. Lakini mto ukikata njia mpya kwa ghafla, mpaka unabaki kwenye njia ya zamani, isipokuwa nchi husika zikubaliane vinginevyo. Semliki unafanya yote mawili. Upande mwingine, nchi za Afrika ziliazimia mjini Cairo mwaka 1964 kwamba zitaiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Sasa fikiria: tumeahidi kuheshimu mpaka wa mwaka 1915, na mpaka huo umeandikwa kwa jina la mkondo ambao haukai mahali pamoja. Ndiyo maana kuna vipande vya ardhi ambavyo mfugaji wa upande huu huviona kuwa malisho ya babu yake na mvuvi wa upande ule huviona kuwa vyake, na wote wawili wanasema kweli. Wanafunzi wa kidato cha juu wanaweza kulijadili hilo kwa faida kubwa, nami nisingependa ulifupishe kwa kusema tu kwamba “Kongo wanachukua ardhi yetu.”

Kuhusu safari, ushauri wangu wa kwanza ni kuiahirisha. Desemba haifai. Mvua za pili za mwaka huendelea hadi mwezi huo unapoanza, miteremko ya Bundibugyo huwa imelowa na kuweza kuporomoka, na njia za msituni karibu na mto huwa zimefunikwa na maji. Likizo yenu inaendelea hadi mwanzoni mwa Februari, basi nendeni katikati ya Januari. Kutoka Masindi si lazima mzunguke Kampala: shikeni barabara ya lami ya Hoima hadi Kyenjojo, halafu Fort Portal, mlale huko. Asubuhi yake mtashika barabara ya Bundibugyo.

Barabara hiyo inateremka ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Karugutu, na naomba mwambieni dereva asimame juu, mahali salama, kabla ya kushuka. Kutoka pale asubuhi isiyo na ukungu mtaiona tambarare yote chini: malisho ya rangi ya majani makavu, ukanda wa kijani kibichi unaoonyesha mto ulipo, na ng’ambo yake vilima vya Kongo. Mto wenyewe hauonekani vizuri, ila umbo la bonde linaonekana lote kwa mara moja, na bila kuliona umbo hilo mtu akifika ukingoni huona tu maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita. Karugutu njia inagawanyika. Moja inakwenda Ntoroko kwenye Ziwa Albert kupitia Hifadhi ya Wanyamapori ya Toro-Semliki. Nyingine inakunja kuelekea kusini-magharibi, inauzunguka mkia wa Rwenzori na kufika Sempaya, penye ofisi za Hifadhi ya Taifa ya Semuliki.

Wageni wengi huishia kwenye chemchemi za maji ya moto za Sempaya, na siwashangai, kwa maana ni za ajabu kweli. Ziko mbili zinazozuriwa: Bintente, inayoitwa ya kiume, ni dimbwi pana linalofuka mvuke katikati ya kinamasi; Nyasimbi, ya kike, inarusha maji yanayochemka kutoka ardhini, na waongozaji humo huchemsha mayai kuwaonyesha wageni. Maji hayo hupata moto wake chini sana, kwenye nyufa zilezile zilizoinua Rwenzori na kuishusha sakafu ya bonde. Msitoke kwenye njia ya mbao, kwa sababu ganda la juu ni jembamba mahali pengi na chini yake maji yanachemka.

Lakini kama mna siku moja tu ya ziada, itumieni msituni. Wewe unayeishi jirani na Budongo utakuta mti unaoufahamu, muhimbi, wenye mbao nzito kama chuma, na kwa dakika chache utadhani uko nyumbani. Kisha utaanza kuona tofauti. Budongo uko juu zaidi, kwenye nyanda za Bunyoro; Semuliki uko chini, kwenye mita 700 hivi kutoka usawa wa bahari, una joto zito na unyevu usioisha, na umeungana na ule msitu mkubwa wa Ituri unaoendelea ndani ya Kongo. Kati ya misitu ya Afrika Mashariki, huu ndio msitu wa kweli wa bonde la Kongo ulioingia kwetu. Una kilomita za mraba 220 tu, ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1993, na ndani yake wamehesabiwa ndege wa zaidi ya aina 400, ambao baadhi yao huwezi kuwaona mahali pengine popote Afrika Mashariki. Waangalizi wa ndege hutoka Ulaya na Marekani kuja kukaa matopeni siku nzima wakisubiri kumwona mmoja wao. Ninyi hata msipojua majina, mtawasikia hondohondo wakubwa wakipita juu kwa mbawa zinazovuma, mtawaona mbega, na mkibahatika kando ya maji mtamwona kima wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe, ambaye huketi kimya hata mtu akampita bila kumtambua. Tembo na nyati wa msituni wapo, ila mara nyingi mtakutana na nyayo na mavi yao tu.

Njia ya Kirumia ndiyo inayowafikisha kwenye Semliki kwa miguu kupitia msituni. Ina zaidi ya kilomita 10 kwa upande mmoja, inavuka Mto Kirumia, inapita vile vijiziwa vya upinde nilivyovieleza, na kuishia kwenye ukingo wa mpaka. Mwenye miguu imara anaweza kwenda na kurudi kwa siku moja, lakini atakuwa anakimbizana na jua. Ni afadhali mpange na ofisi ya Sempaya mlale kambini, kama hali ya usalama inaruhusu wakati huo. Vaeni gambuti na soksi ndefu, mbebe maji ya kutosha, na msiende bila askari wa hifadhi. Asiyeweza mwendo huo achague njia fupi ya Sempaya. Ada za kiingilio na za mwongozaji zinapangwa na Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, nazo kwa raia wa Afrika Mashariki ni nafuu kuliko kwa wageni wengine, chukueni vitambulisho.

Karibu na Ntandi wanaishi Basua, ambao wengi huwaita Batwa wa Bundibugyo. Msitu huu ulikuwa makao yao, na hifadhi ilipotangazwa walilazimika kutoka. Jamii yao ni ndogo, na wageni wengine hupelekwa kuwatazama kama sehemu ya maonyesho, wacheze ngoma, wapigwe picha, wapewe sarafu. Nawasihi msifanye hivyo. Kama mnataka kuzungumza nao, pelekeni ombi mapema kupitia viongozi wao, mkubaliane malipo waziwazi na muwakabidhi wao wenyewe, na mwombeni mzee awaeleze mimea ya msitu, maana hakuna chuo kinachoijua kama wao. Kamera ibaki mfukoni mpaka mruhusiwe.

Siku nyingine rudini Karugutu na mteremke Ntoroko. Mandhari yanabadilika kabisa: nyasi, mivumo ya porini imetawanyika, na makundi ya kobu, yule swala aliye kwenye nembo ya taifa letu. Ntoroko ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Albert, na mdomo wa Semliki uko upande wa kusini wa ziwa, ambako mto umejijengea delta yenye mafunjo na matete. Humo ndimo anamoishi korongo nyangumi, ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, na asubuhi na mapema ndiyo saa yake. Kodini mtumbwi wenye injini kutoka kwa mtu aliyependekezwa na ofisi ya wanyamapori, na msikubali kuingia bila kila mmoja kuvaa jaketi la kujiokolea, hata kama nahodha atasema ziwa limetulia. Upepo wa Albert huamka ghafla. Machi 2014 mashua iliyobeba wakimbizi wa Kongo ilizama katika ziwa hili na zaidi ya watu 200 wakafa. Mtaona pia miti iliyokufa ikiwa imesimama majini na nyumba zilizoachwa. Hayo ni mabaki ya mafuriko ya miaka ya kuanzia 2019, ziwa lilipopanda na Semliki ukafurika, na watu wa Kanara na Rwangara wakahama kwa maelfu. Baadhi yao wamepoteza kila kitu, kwa hiyo maswali yenu yawe ya adabu.

Juu ya usalama nitasema wazi. Upande wa Kongo, hasa kuelekea Beni na Ituri, vita havijaisha. Mnamo Desemba 2022 wapiganaji wa ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, waliuvuka Semliki na kuingia Ntoroko, wakapambana na jeshi letu. Barabara kuu, Sempaya na Ntoroko hutembelewa na watu wakati mwingi, lakini hali inaweza kubadilika kwa wiki moja. Pigeni simu ofisi ya hifadhi wiki moja kabla, kisha siku moja kabla, na mkiambiwa msiende ukingoni, msiende; pelekeni macho yenu juu ya Karugutu na kwenye chemchemi, mkarudi nyumbani. Msipande mtumbwi wa kuvukia ng’ambo kwa sababu tu mwenye mtumbwi amesema ni dakika tano. Hiyo ni kuvuka mpaka wa nchi bila kibali. Mkitaka kuuona mpaka kwa njia halali, endeleeni na barabara ya Bundibugyo, katikati ya mashamba ya kakao, hadi kituo cha Busunga kwenye Mto Lamia. Pale mtaona jinsi mto mdogo kabisa unavyogawanya nchi mbili, na wanawake wenye mizigo wakipita kila saa. Msipige picha za askari wala za kituo.

Afya nayo isipuuzwe. Bonde ni la joto na mbu ni wengi. Mwaka 1937 watafiti wa taasisi ya homa ya manjano ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka uliotangulia, walipata Bwamba virusi ambavyo havikuwa vimejulikana, na mwaka 1942 wakapata vingine kwa mbu, vinavyoitwa hadi leo kwa jina la msitu wa Semliki. Mwaka 2007 Bundibugyo ilipatwa na Ebola ya aina ambayo haikuwa imeonekana kabla. Sisemi hayo kuwatisha. Chanjeni homa ya manjano mapema, laleni ndani ya chandarua, mwoneni daktari kuhusu dawa za kuzuia malaria, msiguse mnyama aliyekufa wala kula nyama ya porini, na msioge wala kutembea pekupeku majini Ntoroko, kwa kuwa kichocho ni kingi ufukweni mwa Ziwa Albert.

Mwisho, kwa ajili ya darasa. Idara ya Upimaji na Ramani iliyoko Entebbe ina ramani za zamani za kipimo cha 1:50,000. Tafuteni ile inayoonyesha Semliki ya chini, halafu kwenye intaneti mpakue picha za satelaiti za Landsat, ambazo zimekuwa zikipigwa tangu 1972 na tangu 2008 hazilipiwi. Kila kikundi cha wanafunzi kichague kona moja ya mto, kiichore juu ya karatasi nyepesi kutoka kwenye ramani, kisha kutoka kwenye picha ya kila muongo, na kupima ukingo umesogea kiasi gani na kuelekea nchi ipi. Hakikisheni picha zote ni za miezi ya kiangazi, Januari au Februari, kwani wakati wa mafuriko maji hutanda juu ya tambarare na ukingo wa kweli hauonekani.